Kama Mashine ya Zamani

Pale karakana walimwita Bi Kama, naye aliitika. Jina hilo hakulipata kwa uzuri wala kwa ukali. Alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimuuliza atakunywa chai, atakujibu, "Kama maji yameshachemka." Ukimuuliza kesho atakuja kazini, "Kama nitaamka." Alipoposwa, miaka thelathini na miwili iliyopita, alisema, "Kama wazee wamekubali," na mposaji, mwalimu wa jiografia, mtu wa subira zake, akahesabu kuwa hiyo ni ndiyo. Mwalimu sasa ni mstaafu, na mpaka leo huwaambia wageni kwamba bado anasubiri jibu kamili.

Kazi ilimfaa mdomo. Aliandika programu za vyombo vya kupimia: mizani, mita za maji, vipima joto. Karakana yao ilikuwa vyumba vitatu ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, na ngazi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba friji ikipandishwa lazima mlango wake ung'olewe kwanza. Chumba cha mbele cha meneja, cha kati cha kuchomea waya, cha nyuma cha Bi Kama na mwenzake. Humo ndimo ilimosimama friji ya majaribio, na mlangoni pake palibandikwa karatasi ya kukataza watu kuweka chakula. Karatasi aliiandika meneja. Maziwa ya meneja yalikaa rafu ya juu.

Huyo mwenzake aliyekaa naye chumba kimoja aliitwa Kimya, kwa sababu hakunyamaza kamwe. Alikuwa mtu wa makamo, baba wa watoto watatu, stadi wa bodi za elektroniki na nyaya, na alipokosa wa kuzungumza naye alizungumza na kibodi ya kompyuta. Bi Kama alikuwa amekaa naye miaka tisa na wa kumi ulikuwa njiani. Waligombana kila siku na walikunywa chai pamoja kila siku.

Sasa, asiyejua kazi hii atahitaji kujua jambo moja tu, nalo si gumu. Programu ya chombo huandikwa mara moja, lakini hutakiwa kufanya kazi kwenye prosesa, yaani bongo za vyombo, za kila namna, na kila prosesa ina tabia za nyumbani kwao. Anayefasiri maandishi ya binadamu yawe namba za prosesa huitwa kompaila. Na kompaila, kabla hajasoma hata mstari wako wa kwanza, huwa ameshatundika majina fulani mlangoni, ya kusema leo anampikia nani. Majina hayo ndiyo makro. Wewe hukuyaandika, unayakuta. Prosesa ndogo za ukoo mmoja maarufu, kwa mfano, hutundikiwa jina __arm__, na mistari miwili ya chini mbele na miwili nyuma, ili mtu asilichanganye na jina lake mwenyewe. Mwandishi wa programu anachofanya ni kuuliza: jina hili lipo? Kama lipo, fanya hivi. Vinginevyo, fanya vile. Bi Kama alizaliwa kwa ajili ya kazi hiyo, na kwa miaka mingi hakuna aliyemkuta amekosea.

Kazi yao kubwa ilikuwa visanduku vya friji za chanjo. Vilikuwa thelathini na nane, kimoja katika kila kituo cha afya. Kisanduku hubandikwa ubavuni mwa friji, huonyesha joto, huliandika kila baada ya dakika tano, na hupiga kengele likishuka chini ya nyuzi mbili au likipanda juu ya nane. Bodi za zamani zilipoadimika madukani, zilinunuliwa mpya, na Kimya akaihamisha programu ya Bi Kama kwenye bodi hizo. Wakaijaribu kwa friji ya ofisini. Walifungua mlango, wakaingiza chupa za maji moto kando ya maziwa ya meneja, na kengele ikalia mpaka muuza miwani akapanda juu kuuliza kulikoni. Kila mtu akaridhika. Joto ndilo waliloliogopa, na kwa joto lile la kwao nani angewalaumu? Hakuna aliyefikiri kuijaribu kwa baridi. Friji kuwa baridi ndiyo kazi yake.

Visanduku vikafungwa. Miezi saba ikapita bila malalamiko hata moja, jambo ambalo lingepaswa kumtia mtu wasiwasi, lakini habari njema haiulizwi kitambulisho.

Halafu likatokea la wifi.

Wifi yake Bi Kama, dada mdogo wa Mwalimu, alikuwa muuguzi mkuu wa kituo kimojawapo na mtunza friji yake. Hawa wawili walipendana kwa namna ya mawifi: hawakuweza kukaa mwezi bila kuonana, na hawakuweza kuonana dakika kumi bila kuchomana. Wifi alikuwa mwembamba, mnyoofu, mwenye saa ya kifuani na daftari la kila kitu. Alijua kila chupa imeingia lini na itatoka lini. Alimwona Bi Kama kuwa mtu wa kusitasita, na Bi Kama alimwona wifi kuwa mtu asiyewahi kujua maana ya labda.

Alhamisi moja asubuhi wifi alifungua friji yake akakuta chupa mia sita zimeganda, zinagongana kama kokoto. Chanjo za namna ile zikishaganda zimekufa. Hata ziyeyuke na kurudi maji, hazimkingi mtoto. Wifi hakuficha, alipiga simu ofisi kuu papo hapo. Wakaja, wakafungua kisanduku, wakachapa kumbukumbu zake. Usiku kucha: tano, tano, tano. Hapakuwa na hata sifuri moja. Kamati ikakaa, ikasema friji ilikuwa nyuzi tano, na maji hayagandi kwa nyuzi tano, basi chupa ziligandia mahali pengine. Mahali pengine palipokuwapo ni freeza ya barafu iliyo kando, na mwenye ufunguo wa chumba ni mmoja. Ama alizitia humo kwa kusahau akazirudisha asubuhi, ama kuna alilofanya analolijua mwenyewe. Akaambiwa akae nyumbani, kikao ni Ijumaa ya wiki itakayofuata. Kama hatakuwa na maelezo, ataondoka kazini mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na neno uzembe litaandikwa kwenye jalada lake.

Jumapili alikuja kwa kaka yake. Alikaa pembeni mwa meza bila kutoa saa kifuani, akaangalia sahani.

"Wifi, chumvi umeisahau au umeiombea likizo?" alisema, lakini bila nguvu, na Bi Kama alisikia kwamba nguvu haikuwapo.

"Chumvi ipo mezani, kama mkono unafika."

Mwalimu akasogeza kopo. "Dada, hebu niambie tena. Uliziweka wapi?"

"Kwenye friji. Rafu ya kati na ya chini. Niliziweka, nikafunga, nikaandika."

"Basi ndiyo hivyo. Dada yangu huyu hajawahi kudanganya hata kwenye karata."

"Kisanduku kinasema tano," wifi alisema, na safari hii alimtazama Bi Kama. "Kisanduku chako. Nimewaambia, hiki kimetengenezwa na wifi yangu, hakina uongo. Nikajikuta nimejifunga mwenyewe. Niambie wewe uliyekifundisha. Kinaweza kukosea?"

Hapo angeweza kusema chochote. Angeweza kusema nitaangalia. Lakini mtu ana siku yake ya ujinga, na huyu aliyesema kama maisha yake yote, siku hiyo alilitumia neno hilo bila shaka ndani yake.

"Kama kimesema tano, ni tano."

Wifi alitikisa kichwa polepole. "Ndivyo nilivyofikiri," alisema. "Na mimi nimeanza kujiuliza." Hakumaliza chakula.

Jumatatu Bi Kama aliomba kumbukumbu za kisanduku zitumwe karakana. Tusimpambe: nia yake haikuwa kumwokoa wifi. Mumewe hakumsemesha kutoka meza ya Jumapili mpaka asubuhi, naye alitaka karatasi ya kumwonyesha kwamba mashine iko sawa, ili nyumba irudi kuwa nyumba. Akazichapa, akazitandaza juu ya meza, akavaa miwani aliyoinunua hapo chini kwa bei ya ujirani, akaanza kusoma.

Tano zilikuwa mia moja na thelathini na mbili, mfululizo, tangu jioni mpaka alfajiri.

Akazitazama kwa muda. Alikuwa ameishi na friji zaidi ya alivyoishi na ndugu zake, na alijua hakuna friji inayotulia namna hiyo. Injini huwaka, joto hushuka. Injini hupumzika, joto hupanda. Nne, tano, sita, tano, nne. Friji inayosema tano tu ni sawa na mgonjwa anayesema hajambo tu. Akarudi nyuma wiki moja, mwezi, miezi saba. Sita zilikuwapo, saba zilikuwapo, na siku umeme ulipokatika ilikuwapo nane. Nne hapakuwa na hata moja. Tangu bodi mpya zifungwe, kisanduku hakikuwahi kuandika nne.

Akafungua programu, akashuka mpaka mahali anapopajua, mistari mitano aliyoiandika mwenyewe miaka mingi nyuma:

#if defined(__arm__)
typedef signed char tofauti;
#else /* kama mashine ya zamani */
typedef char tofauti;
#endif

Kipima joto hakikutuma joto lenyewe. Kilituma tofauti yake na tano. Nyuzi saba kilituma mbili, nyuzi tatu kilituma hasi mbili. Namba hiyo ndogo ilipokelewa ndani ya kijisanduku kiitwacho char, na hapo ndipo prosesa hutofautiana tabia. Kuna zinazojua kwamba kijisanduku hicho kinaweza kubeba hasi. Kuna zisizojua hasi ni nini. Ukizipa hasi mbili, zinakusomea mia mbili hamsini na nne kwa uso mkavu kabisa. Mashine yao ya kwanza kabisa ilikuwa ya zile zinazojua. Zilipokuja zile ndogo za __arm__ zilikuwa za zile zisizojua, na Bi Kama, aliyekuwa macho siku hiyo, akaandika: kama jina hili lipo, itaje alama ya hasi waziwazi. Vinginevyo, fanya kama mashine ya zamani.

Bodi mpya ilikuwa na prosesa ya ukoo uleule, ila kubwa zaidi. Kila mtu pale karakana aliichukulia kuwa mtoto wa nyumba ileile, na tabia kweli alizirithi: hasi hakuijua. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini kompaila hajui methali. Prosesa hii kubwa yeye huitundikia jina __aarch64__, na lile la __arm__ haliweki mlangoni. Programu ikauliza, __arm__ yupo? Ikajibiwa hayupo. Ikaingia upande wa vinginevyo, ikapewa malezi ya mashine ambayo haikuwa hata jamaa yake. Joto likishuka chini ya tano tu, hasi moja ikawa mia mbili hamsini na tano, na sheria nyingine ya Bi Kama, nayo nzuri tu kwa wakati wake, ikasema namba yoyote inayozidi mia ni kelele za waya, itupwe, irudiwe iliyotangulia. Iliyotangulia ilikuwa sifuri, yaani tano. Friji ya wifi ilipoharibika na kushuka mpaka hasi nne, kisanduku kilikaa pale kikiandika tano kwa uaminifu wote.

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Alitazama saa ya ukutani bila sababu.

"Kimya," alisema, "njoo uone hapa."

Kimya alikuja akizungumza habari za betri, akasoma mistari ile, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akawa na haki ya jina lake.

"Uliihamisha wewe," Bi Kama alisema. "Uliupita mstari huu."

"Niliupita. Niliusoma na nikauacha." Alinyoosha kidole kwenye kioo. "Si umeandika hapa? Kama mashine ya zamani. Nikasema sawa, hii sehemu ni ikiwa ni mashine ya zamani. Bodi yangu si ya zamani, basi haitapita hapa. Nikaenda zangu."

"Sikusema ikiwa. Nilisema sawasawa na mashine ya zamani. Ifanye kama inavyofanya ile."

"Bi Kama!" Sauti ya Kimya ilipanda. "Nakujua miaka tisa. Kama yako, lini imewahi kuwa sawasawa na kitu? Kama yako ni ikiwa asubuhi, ikiwa mchana, ikiwa jioni! Mtu mwingine angeliandika neno hili ningejiuliza mara mbili. Kwako wewe sikujiuliza."

Neno ni moja, maana mbili, na Bi Kama aliitumia ile ya kwanza, ya ikiwa, kwa wingi mpaka watu wakasahau kwamba anaijua ya pili. Lakini hata neno lingekuwa wazi kama mchana, kosa lenyewe lilikuwa kubwa kuliko neno. Huwezi kuwaambia wote usiowajua wafanye kama fulani. Anayejua kazi huorodhesha majina anayoyajua, moja baada ya moja, na asiyekuwamo humsimamisha mlangoni. Alilijua hilo. Aliwafundisha wengine hilo. Siku alipoandika mistari ile kulikuwa na mashine za namna mbili tu duniani mwake, akaona ya nini kujisumbua.

Alikaa, akarekebisha. Aliandika jina la kila prosesa waliyowahi kuigusa, na mwisho, mahali palipokuwa na vinginevyo, akaweka mstari wa kumkatalia kompaila kuendelea: #error Prosesa hii siijui. Niulize kwanza. Ikamchukua dakika kumi na moja.

Kisha wakapiga simu. Hilo lazima lisemwe kwa heshima yao: hawakungoja hata saa moja. Vituo thelathini na saba, Kimya akichukua nusu na Bi Kama nusu, wakiwaambia watunza friji watundike kipima joto cha kioo ndani, wasiangalie kisanduku mpaka fundi afike. Walipoulizwa kuna nini, walisema ni ukaguzi wa kawaida. Mpaka saa kumi na mbili vituo vyote vilikuwa vimepigiwa, na hakuna chupa nyingine iliyopotea. Kituo cha thelathini na nane hawakukipigia. Friji yake ilikuwa imeshatolewa umeme, kisanduku kimechukuliwa na kamati, na chupa za kuokoa hazikuwapo.

"Na wifi yako?" Kimya aliuliza, akivaa koti.

"Nitamwambia nikiwa na hakika. Haraka haraka haina baraka."

Hakika aliitafuta siku tatu. Jumanne aliitia bodi kwenye freeza ya jirani wa chini, muuza miwani, aliyehifadhi humo samaki, na kioo kikamwonyesha tano wakati samaki ni mawe. Hapo hakika ilikuwa imeshapatikana; mtoto wa shule angeiona. Jumatano akarudia. Kwa bodi nyingine, alisema, maana huenda ile moja ni mbovu. Bodi nyingine ikasema tano. Jioni Mwalimu akamuuliza mezani kama kuna jipya, akamjibu, "Bado nahakikisha," na Mwalimu akamwamini kwa sababu ndiyo lugha yake.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Hakuogopa kufukuzwa, meneja asingemfukuza, hakuwa na mwingine. Aliogopa uso wa wifi. Miaka thelathini na miwili walikuwa wakishindana ni nani asiyekosea, na sasa alitakiwa aende mwenyewe, kwa miguu yake, akaseme. Alijiambia kwamba kikao ni Ijumaa, na cha muhimu ni ukweli ufike kabla ya kikao. Siku zilizo katikati alizihesabu kuwa zake.

Alhamisi aliandika ripoti. Meneja aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Hapa umeandika 'kosa langu'."

"Ndiyo."

"Andika hitilafu ya mfumo. Ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile."

"Au andika kwamba aliyehamisha programu hakuelewa maelezo. Si uongo, mama yangu. Hakuelewa."

Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona Kimya ameinama juu ya bodi ambayo haikuwa na umeme, akijifanya ana kazi. Ilikuwa rahisi mno. Kimya mwenyewe asingekana. "Kama hakuelewa," Bi Kama alisema, "ni kwa sababu mimi sikueleza. Acha ilivyo." Meneja akaiacha, akatia sahihi, na siku ile hakunywa maziwa yake.

Ijumaa kikao kilikuwa saa nne, katika chumba chenye meza ndefu na jagi la maji ambalo hakuna aliyelimimina. Wanakamati walikuwa watano. Wifi alikaa upande wa pili, peke yake, amevaa sare iliyopigwa pasi, na Bi Kama aliona kwamba saa haikuwa kifuani. Alipoanza kueleza habari za makro, mwenyekiti, mwanamume mwenye sauti ya upole, akainua kalamu.

"Kwa lugha ya nyumbani, mama."

"Friji iliharibika, ikagandisha. Kisanduku kiliandika tano kwa sababu mimi nilikifundisha vibaya. Baridi yoyote chini ya tano kilikuwa hakiioni. Tumejaribu, ripoti ni hiyo. Muuguzi aliweka chupa mahali pake."

Karatasi zikaanza kufunuliwa. Mwenyekiti alisoma ripoti yote bila haraka, akaipitisha kulia, akafungua jalada lililokuwa mbele yake, na akaonekana kutojua aanzie wapi.

"Tatizo ni kwamba," alisema, "muuguzi ameshakiri."

Akasoma. Ilikuwa barua ya nusu ukurasa, ya mwandiko ulionyooka, na tarehe ilikuwa ya Jumatano. Mwandishi alisema kwamba amefikiri sana. Kwamba mashine haina sababu ya kusema uongo. Kwamba anakumbuka waziwazi akiziweka chupa kwenye friji, lakini ikiwa kumbukumbu na mashine havipatani, basi kumbukumbu ndiyo mbovu, na lazima alizitia kwenye freeza yeye mwenyewe. Aliomba radhi kwa wazazi wa watoto. Aliomba asipewe tena ufunguo wa chumba chochote chenye dawa.

Mwenyekiti aliikunja, akaigeuza uso chini. Kamati ilichukua robo saa. Muuguzi akaambiwa jalada lake litasafishwa, arudi kazini Jumatatu, na barua ile atarudishiwa aichane mwenyewe. Wakampa mkono wote watano. Mmoja alimpa Bi Kama mkono pia, akamsifu kwa ujasiri wa kusema kweli, na Bi Kama aliupokea mkono huo kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake kimakosa.

Walitoka pamoja kwenye korido. Kulikuwa na benchi la mbao na dirisha linalotazama uwanja wa kuegesha magari. Wifi alikaa, barua mkononi, na Bi Kama, baada ya kusita, alikaa pembeni yake.

"Ulimwona mama yetu alivyomalizika," wifi alisema. "Ulimwogesha wewe. Alikuwa anatia viatu kwenye oveni, na ukimuuliza anaapa hajavigusa. Anaapa kwa moyo mmoja, kama mimi na zile chupa."

"Nakumbuka."

"Jumanne sikulala. Jumatano asubuhi nikaandika hii. Halafu nikaenda kwa daktari kupimwa kichwa, akaniambia vipimo vitachukua wiki. Nikarudi nyumbani, nikamwita binti yangu, nikamkabidhi funguo za mlango. Nikamwambia asiniache peke yangu na jiko." Alilisema hili kwa sauti ileile ya kusoma orodha ya chupa. "Amehamia kwangu na watoto wake. Ameomba likizo kazini kwake."

Bi Kama aliitazama barua iliyokuwa mkononi mwa wifi.

"Ulijua lini?" wifi aliuliza.

Angeweza kusema jana, ripoti ilikuwa na tarehe ya jana. "Jumatatu."

"Jumatatu saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

Wifi aliichana barua mara moja, kwa urefu, akaviweka vipande viwili kimoja juu ya kingine, akavinyoosha magotini.

"Mwenzangu wa kituo cha pili aliniambia mlimpigia simu Jumatatu. Akanieleza mlipiga kila mahali, vituo vyote, ukaguzi wa kawaida. Mlipiga vingapi?"

"Thelathini na saba."

"Simu moja inachukua muda gani?"

"Dakika mbili. Tatu."

Wifi alitikisa kichwa, taratibu, kama alivyofanya Jumapili pale mezani. Kisha akasimama, akajishika kiuno, akakunjua mgongo.

"Mimi ningekuwa wa thelathini na nane," alisema.

Akatia karatasi mfukoni na kushuka ngazi kwenda kumpigia binti yake. Bi Kama alibaki kwenye benchi. Aliona haya, haya kamili, isiyokuwa na upande wa pili wa kuigeuzia.